Kamera, Kitambulisho na Kazi

Mfanyakazi akitoka zamu ya jioni na kupata nafasi ya kuangalia sinema, mara nyingi hutaka ngumi, mapenzi na kicheko. Filamu za hali halisi, yaani zile zisizo na waigizaji bali watu wenyewe katika maisha yao, hazina wateja wengi katika vibanda vyetu vya video. Hata hivyo ziko filamu za namna hiyo ambazo zinamhusu sana mtu wa kiwandani na wa shambani, ingawa akisikia habari zake hawezi kudhani hivyo. Safari hii tunazungumzia filamu nne juu ya wanawake waliobadili jinsia. Najua baadhi ya wanachama watauliza: jambo hili linaingiaje katika gazeti la chama cha wafanyakazi? Waangalie kwanza. Katika kila moja ya filamu hizo, ukiondoa mavazi na muziki, linalobaki ni suala la kazi, mshahara na karatasi za serikali.

Tueleze maneno kabla ya kuendelea. Mwanamke aliyebadili jinsia ni mtu aliyezaliwa akaandikwa mwanamume, akakua akijitambua kuwa mwanamke, kisha akaamua kuishi hivyo. Mtaani huchanganywa na shoga, lakini shoga ni mwanamume anayependa wanaume wenzake, na hilo ni jambo lingine. Kubadili kwenyewe si kazi ya siku moja. Wengi huanza na jina na mavazi. Wengine hutumia dawa za homoni kwa miaka, ambazo hulainisha ngozi na kuotesha matiti. Baadhi hufanyiwa upasuaji, na wengi hawafanyiwi kabisa, ama kwa kutotaka ama kwa kukosa fedha. Dawa hizo zinahitaji daktari na kipimo cha damu, kwani baadhi yake zinaweza kugandisha damu mishipani. Anayezinunua kichochoroni anajitia hatarini.

Filamu ya kwanza ni ya hapa Afrika ya Mashariki. Inaitwa "The Pearl of Africa", jina la sifa la nchi ya Uganda tangu enzi za wakoloni, na ilitengenezwa na Jonny von Wallström wa Sweden. Ilionyeshwa mwaka 2016 katika tamasha la filamu la Hot Docs mjini Toronto. Mhusika wake mkuu ni Cleopatra Kambugu wa Kampala, pamoja na mchumba wake Nelson.

Mwezi wa Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Siku hizo magazeti ya udaku ya Kampala yalikuwa yakichapisha majina na picha za watu, na wauzaji barabarani wakayauza kama maandazi ya moto. Picha ya Cleopatra nayo ikatoka. Ndugu msomaji, hebu fikiri: asubuhi unaondoka nyumbani, na mwenye nyumba, konda wa matatu, mwenye duka na jirani wote wamekwisha kuuona uso wako gazetini. Cleopatra alilazimika kuhama, na baadaye akafanya makazi na kazi Nairobi. Sheria ile ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba ya Uganda tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, lakini picha iliyokwisha kuchapishwa hakuna mahakama iwezayo kuirudisha.

Kwa hiyo ndani ya habari hii zimo picha mbili. Ya kwanza alipigwa bila kuulizwa, ikamtoa kwao. Ya pili, yaani filamu, aliikubali mwenyewe, akaufungua mlango wa nyumba yake na kumruhusu mgeni aingie na kamera. Filamu inawafuata wawili hao hadi Thailand, Cleopatra alikokwenda kufanyiwa upasuaji. Hapa mtengenezaji hakuharakisha. Tunaona hospitali, kungoja, maumivu, na Nelson akiwa kando ya kitanda kama mume yeyote anayemuuguza mkewe. Sehemu nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni zile ambazo hakuna linalotokea: wawili wanakaa, wanataniana, wananyamaza. Ningependa kuona zaidi siku zake za kazi kuliko za hospitali, lakini filamu ni yake yeye na Nelson, si yangu.

Kuna jambo lililotokea baada ya filamu kwisha. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba Cleopatra amepata kitambulisho cha taifa na pasipoti ya Uganda vinavyomtaja kuwa mwanamke, na kwamba ni Mganda wa kwanza aliyebadili jinsia kukubaliwa hivyo na serikali. Kwa mtu asiyejua taabu ya karatasi, habari hiyo ni ndogo. Sisi tunaijua. Bila kitambulisho kinacholingana na uso wako huandikishwi kazi, hufungui akaunti ya kupokelea mshahara, wala hudai akiba yako ya uzeeni. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alihangaika miaka mingi na cheti cha mtihani wa sekondari chenye jina la kiume. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Alama za hesabu na Kiswahili alizipata yeye, wala hazikutegemea kama mtahini alimdhani mvulana ama msichana.

Uganda ilipitisha sheria nyingine mwaka 2023, kali kuliko ile ya kwanza, na mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu yake kubwa isimame. Sheria hiyo inamtishia kifungo cha hadi miaka 20 mtu atakayehukumiwa kwa kueneza mapenzi ya jinsia moja, na mwenye ukumbi wa sinema huko hatangoja kufundishwa na wakili tofauti ya maneno tuliyoieleza hapo juu. Filamu yenye jina la sifa la nchi ni ngumu kuonyeshwa katika nchi hiyo.

Filamu ya pili inatoka mbali, lakini mtu wa mashamba ya mkonge ama ya chai ndiye atakayeielewa upesi. Ni "Paper Dolls" ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na Tomer Heymann wa Israel. Katika tamasha la Berlin mwaka huo ilipata tuzo ya watazamaji katika kundi la Panorama. Inahusu wafanyakazi kutoka Ufilipino, wanawake waliobadili jinsia, walioajiriwa kuwatunza wazee wa Kiyahudi wenye dini kali katika mji wa Bnei Brak, jirani na Tel Aviv. Mchana na usiku wanawaogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Siku ya mapumziko wanavaa mavazi ya karatasi na ya kumeremeta na kucheza katika vilabu vya Tel Aviv, na ndipo kikundi chao kilipopata jina.

Wamefikaje huko? Baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 2000, Israel iliwafungia mipaka Wapalestina wengi waliokuwa wakifanya kazi nchini humo, na kazi zao pamoja na kazi nyingine za mkono wakapewa wageni kutoka nchi za mbali. Mgeni huyo kibali chake kilifungwa kwa mwajiri mmoja. Ukifukuzwa, ama mzee unayemtunza akifariki, unakosa kazi, mahali pa kulala na haki ya kuwa nchini, yote kwa siku moja. Babu zetu waliijua kamba hiyo kwa jina la kipande. Mwaka 2006 huohuo Mahakama Kuu ya Israel iliulaani utaratibu huo na kuufananisha na utumwa wa kisasa. Wenye watoto waliokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba hawahitaji kuelezwa zaidi.

Moyo wa filamu hii ni Sally na mzee Haim. Mzee huyo alipoteza sauti kwa saratani ya koo, kwa hiyo anazungumza kwa kuandika karatasini. Sally anasoma, anajibu, anacheka naye. Mzee anajua Sally ni nani, wala hana shida na hilo. Anamtendea kama binti yake. Ajabu ni kwamba watu wa dini kali vile waliwakubali wanawake hawa ndani ya nyumba zao, katika kazi ya siri kuliko zote, ya kumvua mtu nguo na kumsafisha, wakati mitaani walikuwa wakizomewa na vilabuni wakidharauliwa. Sitaki kusema kwamba kazi ngumu inaondoa chuki. Lakini nyumba yenye mgonjwa huwa haina muda wa kuuliza mengi. Hata hivyo mapenzi ya mzee hayakuwa kibali: polisi wa uhamiaji walikuwa wakizunguka, na filamu haituachi tusahau.

Filamu ya tatu ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo inayonipa shida. "Paris Is Burning" ya Jennie Livingston ilitoka mwaka 1990. Ilipigwa New York miaka ya 1980, katika mashindano ya mavazi na mwendo ya watu weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, mashoga na wanawake waliobadili jinsia. Yako mashindano ya kuvaa kama mkuu wa ofisi: suti, mkoba, mwendo wa mtu anayengojewa mkutanoni. Watu ambao hakuna ofisi ingewapa hata kazi ya kufagia wanapita mbele ya waamuzi na kuthibitisha kwamba kumbe ukuu wa ofisi ni suti na mwendo tu. Sehemu hiyo kila katibu wa tawi angeifurahia. Msichana mmoja, Venus Xtravaganza, anaeleza ndoto zake za nyumba na harusi. Aliuawa mwishoni mwa mwaka 1988, kabla filamu haijakamilika.

Shida yangu ni fedha. Filamu hiyo iliingiza karibu dola milioni 4 katika majumba ya sinema ya Marekani. Wahusika walipoona majina yao yanatajwa kila mahali na mifuko ni mitupu, walidai malipo, na baadhi walitaka kwenda mahakamani. Lakini walikwisha kutia sahihi karatasi za ruhusa. Mwishowe watu 13 waligawana dola 55,000 hivi, kila mmoja kwa kadiri ya dakika alizoonekana. Watetezi wa filamu husema kwamba katika filamu za hali halisi si desturi kuwalipa wahusika, wasije wakasema uongo kwa ajili ya fedha, na kwamba mtengenezaji mwenyewe alihangaika miaka mingi kutafuta gharama. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mpiga picha hulipwa, mkataji wa filamu hulipwa, mwenye jumba la sinema hulipwa. Aliyetoa maisha yake ndiye anayeambiwa kwamba malipo yatamharibu. Tumewahi kuambiwa maneno ya jinsi hiyo katika mazungumzo ya mishahara.

Labda ndiyo sababu naipa heshima filamu ya nne, "Kokomo City" ya mwaka 2023, ingawa lugha yake ni kali na haifai kuangaliwa pamoja na watoto. Mtengenezaji wake, D. Smith, ni mwanamke mweusi aliyebadili jinsia. Alikuwa fundi wa muziki mwenye jina, akasema kwamba alipobadili jinsia kazi zilikatika, hata akawa analala kwa marafiki. Hakuwa na kampuni ya kumpa wapiga picha, basi akashika kamera mwenyewe. Aliwahoji wanawake wanne wa New York na Georgia wanaouza miili yao, na wao wanazungumza juu ya wateja, bei na hatari waziwazi, kama mabaharia wanavyozungumza juu ya bahari. Mmoja wao, Koko Da Doll, alipigwa risasi akafa Atlanta mwezi wa Aprili 2023, miezi michache tu baada ya filamu kushinda tuzo katika tamasha la Sundance.

Nje ya filamu iko kesi inayostahili kujulikana na kila mwakilishi wa wafanyakazi. Aimee Stephens alifanya kazi katika nyumba ya maziko jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2013 alimwandikia mwajiri wake barua kwamba atakuja kazini akiwa mwanamke, na wiki mbili baadaye akafukuzwa. Tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumfukuza mtu kwa sababu amebadili jinsia ni kuvunja sheria ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi kazini. Stephens alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla.

Yeye alifukuzwa kwa sababu iliyojulikana, na sababu hiyo ikapelekwa mahakamani. Kwetu mambo hayafanyiki hivyo. Kwetu mfanyakazi wa namna hii huanza kuchekwa getini, kwenye foleni ya kupekuliwa, askari wa kike akisema si wangu na wa kiume akisema si wangu. Kisha ni choo, halafu chumba cha kubadilia nguo, halafu nyumba ya kambi ambayo hakuna anayetaka kulala naye. Nyapara anampangia kipande kirefu kuliko wenzake. Siku moja haji kazini, wala ya pili, wala ya tatu. Likizo yake haijalipwa, kiinua mgongo hakijahesabiwa. Na tawi likiuliza habari zake, ofisi inaleta faili ambamo karani ameandika mstari mmoja tu: ameacha kazi kwa hiari yake.