Je, Mbwa Wako Achanjwe Dhidi ya Leptospirosisi?
Ugonjwa huu huenezwa na mkojo wa panya. Viini humwingia mbwa au mtu kupitia maji, matope na vidonda, na huweza kuharibu figo na ini. Mwaka 2004 ulizuka Bungoma, jirani na Kakamega.

Chanjo yake ni hiari. Mbwa anayewinda panya au kunywa maji ya madimbwi anafaa kuchanjwa: dozi mbili mwanzoni, kisha moja kila mwaka. Fedha zikitosha chanjo moja tu, iwe ya kichaa cha mbwa.

Chanjo ya mbwa haimkingi mwenyewe. Funika maji na nafaka, tega panya, vaa gambuti unaposafisha banda. Muulize daktari wa mifugo aliye karibu.