Inamisha Ufito, Using'oe Kichaka

Anayetaka kuhamishia beri nyeusi za mwitu kwenye bustani ya nyumbani ana njia tatu za kawaida: kuotesha mbegu za matunda aliyoyala, kung'oa kichaka pamoja na mizizi yake, au kuotesha mizizi kwenye sehemu ya mmea ule ule uliompendeza. Wengi huchagua kwa kuangalia wepesi wa siku hiyo, wakidhani njia zote zinaishia pahali pamoja. Haziishii. Katika jamii hii ya mimea, ambayo wataalamu huiita Rubus, namna ya kuzidisha ndiyo inayoamua utavuna tunda gani, utasubiri kwa muda gani, na pengine hata kama kichaka kitakuwa na miiba. Kwa mwenye bustani ndogo, njia inayofaa kuliko zote haitaki dawa wala mtambo: ni kuinamisha ncha ya ufito hadi ardhini, kuifukia, na kuiacha itoe mizizi kabla ya kuikata.

Tuanze na mbegu, kwa kuwa ndizo zinazovutia zaidi. Beri moja ni mkusanyiko wa vitunda vingi vidogo, na kila kitunda kina kokwa yake ngumu. Ugumu huo umekusudiwa safari ya tumboni mwa ndege, si kitalu cha nyumbani, ndiyo maana mbegu huweza kukaa miezi kadhaa udongoni bila kuchipua, na nyingine zisichipue kabisa. Hata zikichipua, mche wa mbegu si nakala ya mama yake. Ushahidi mzuri ni wa jaji James Harvey Logan wa Santa Cruz, California, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1880 alipanda beri nyeusi za kwao karibu na rasiberi nyekundu, kisha akaotesha mbegu zilizopatikana. Poleni ilikuwa imevuka kutoka mmea mmoja hadi mwingine, na mche mmoja ukazaa tunda refu, jekundu la kiza, ambalo mpaka leo linaitwa loganberry. Kisa hicho hutajwa kuwa sifa ya mbegu, na kweli ni sifa kwa anayetafuta aina mpya. Kwa anayetaka tunda lile lile aliloonja, ni onyo. Msomaji mjuzi atapinga kwamba beri nyingi za Ulaya hutunga mbegu bila urutubishaji kamili, hivyo miche yake hufanana sana na mama. Ni kweli, lakini huwezi kujua kwa kutazama tu kama kichaka kilicho mbele yako kina tabia hiyo, na hata kikiwa nayo, ukaidi wa kokwa uko pale pale.

Ili kuona kwa nini ncha ya ufito inafaa, tazama maisha ya kichaka chenyewe. Kitako na mizizi huishi miaka mingi, lakini fito zake kwa kawaida ni za miaka miwili: wa kwanza hurefuka na kutoa majani, wa pili huzaa, kisha hukauka. Ufito wa kufukia ni ule mchanga ambao haujazaa, uliokwisha kujiinamia wenyewe, ncha yake ikiwa nyembamba na majani ya nchani madogo. Mvua zikishakolea ardhini, masika au vuli, chimba kishimo chenye kina cha sentimita 10 hivi, upande mmoja uwe wima na upande unaoelekea kichaka uwe na mteremko. Laza ufito kwenye mteremko, ncha ikiangalia chini, rudishia udongo uliochanganywa na mboji, shindilia kwa mkono na uweke jiwe juu ili upepo usiifukue. Humo gizani, mizizi minene na myeupe huanza kutoka karibu na ncha, na baadaye chipukizi jipya hujigeuza na kupanda juu. Muda wote huo maji na sukari vinaendelea kutoka kwa mama, kama mtoto anayeonjeshwa uji huku bado ananyonya. Kipandikizi kilichokatwa hakina msaada huo: lazima kiishi kwa akiba yake mpaka kipate mizizi, na jua la siku mbili laweza kukimaliza. Baada ya wiki sita hadi nane, vuta ufito kidogo. Ukishikilia, mizizi ipo. Kata upande wa mama, ukiacha kipande cha sentimita 20 cha kushikia wakati wa kuhamisha.

Je, kwa nini usichukue tu kipande cha mzizi, maana nacho huchipua? Mara nyingi kitafaa, lakini kuna kisa kinachoonyesha hatari yake. Katika miaka ya 1920, huko Oregon, Marekani, ilipatikana aina isiyo na miiba iliyopewa jina la Thornless Evergreen. Mabadiliko yaliyoondoa miiba yalikuwa kwenye tabaka la nje tu la seli za mmea. Tabaka za ndani zilibaki na asili ya miiba. Kwa kuwa chipukizi la mzizi huanzia ndani, wakulima waliozidisha aina hiyo kwa mizizi walipata vichaka vyenye miiba, ilhali waliofukia ncha za fito, ambamo tabaka zote huendelea kukua pamoja, walibaki na mmea laini. Mmea ulikuwa ule ule mmoja, na kilichotofautiana ni sehemu iliyochukuliwa.

Tukirudi kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Limuru na Nyeri hadi miteremko ya Usambara na Kilimanjaro, inafaa kukumbuka kwamba tunachokiita beri nyeusi si mmea wa aina moja. Rubus wengi wa asili ya kwetu wana udugu wa karibu zaidi na rasiberi, na si kila mmoja hupenda kuota mizizi nchani. Kichaka chenyewe kitakueleza. Ukikuta fito zilizojipinda kama upinde, ncha zote mbili zikiwa ardhini, huo ni mmea wa kufukia ncha. Ukikuta maotea yanachomoza wima mbali kidogo na kitako, chukua otea moja pamoja na kipande cha mzizi wake. Kwa vyovyote, kung'oa kichaka kizima ni hasara: mizizi ya mmea mkubwa hukatika, majani mengi hunyauka, na eneo ulilolitoa hubaki wazi. Ndani ya hifadhi, kung'oa bila kibali ni kosa. Kwenye ua wa jirani au ukingo wa shamba, omba ruhusa, jaza kiriba udongo, fukia ncha humo, kiache hapo hapo penye kichaka na urudi kuchukua mche ukiwa tayari.

Pingamizi moja zito ni kwamba nakala hurithi pia maradhi. Virusi vilivyo ndani ya mama vitaingia kwa mtoto, na bakteria wanaosababisha nundu kwenye kitako huhamia na udongo. Jibu si kukimbilia mbegu, kwani baadhi ya virusi vya rasiberi hupita hata kwenye mbegu na poleni. Jibu ni kumchunguza mama kwa msimu mzima wa kuzaa kabla ya kufukia chochote, na kumwacha yeyote mwenye majani ya mabaka, ukuaji uliodumaa au nundu. Uchunguzi huo una faida nyingine, kwani ndio utakaokuonyesha tunda lipi ni tamu na kichaka kipi huzaa vizuri.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na za mwitu wakati aina zilizoboreshwa zipo. Zipo, na nyingine zina matunda makubwa sana, lakini nyingi zilizalishwa kwenye nchi zenye majira ya baridi na huhitaji mamia ya saa za baridi ndipo zichanue vizuri. Huko Michoacán, Mexico, wakulima wa aina ya Tupy, iliyotoka Brazili, hupukutisha majani kwa dawa ili kuulazimisha mmea uchanue. Mkulima mkubwa anaweza kumudu gharama hiyo. Mwenye bustani ya nyumbani ana heri na mmea ambao tayari huchanua na kuzaa kwenye baridi ya kwao.

Pingamizi la mwisho ndilo linalostahili uangalifu zaidi: mmea unaoota mizizi kila unapogusa ardhi huweza kuteka shamba. Luther Burbank wa California aliuza aina aliyoiita Himalaya Giant kuanzia mwaka 1885, na leo mmea huo umeorodheshwa miongoni mwa magugu hatari katika majimbo ya Oregon na Washington. Kwetu, wa kujihadhari naye ni Rubus niveus kutoka Asia, mwenye fito zilizopakwa unga mweupe, majani meupe upande wa chini na matunda yenye vinyweleo vya kijivu, ambaye amekuwa gugu sugu katika visiwa vya Galápagos. Huyo usimzidishe, hata akiwa mtamu. Kwa wengine, udhibiti ni kazi ndogo lakini isiyo na likizo: funga fito kwenye waya ncha zisifike chini, kata zilizokwisha kuzaa, ng'oa maotea yanayovuka mpaka, na vuna kabla ndege hawajazipeleka mbegu msituni. Asiyeweza kufanya hivyo kila msimu na aendelee kuchuma beri zake kule zinakoota zenyewe.