Uvimbe Unaooteshwa Tuuiteje?

Wazee wa Pwani walipotamka neno uraibu, aghalabu hawakukusudia mazoea mabaya ya kila namna, kama wanafunzi wetu wanavyolielewa leo. Walikusudia kitu cha kushikika: jani la tambuu lililokunjwa pamoja na popoo, chokaa, katu na, kwa apendaye, tumbaku. Neno limepanuka, lakini kitu chenyewe hakijatoweka. Hapa Likoni kingali kikitafunwa, ijapokuwa tangu Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka mnamo Mei 2024, na amri hiyo kufikishwa mahakamani, midahalo yetu imeuelemea muguka peke yake.

Popoo inastahili mjadala wake. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichapisha uamuzi kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa pasipo tumbaku. Kwa baadhi ya watafunaji, nyama laini ya ndani ya mashavu hukakamaa kwanza, hata kinywa kikawa hakifunguki sawasawa.

Sasa watafiti wa saratani ya kinywa wana njia ya kuichunguza nje ya mwili wa mgonjwa. Kipande cha uvimbe hukatwa, kikapandikizwa kwa panya asiye na kinga ya mwili, au kikalishwa katika utomvu maalumu hadi seli zake zikafanya vidonge vidogo viitwavyo oganoidi. Mwaka 2019 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walieleza jinsi walivyootesha oganoidi za uvimbe wa kinywa na kuzijaribia dawa na mionzi. Hapo dawa hukosea kwa kilichooteshwa, si kwa mgonjwa. Lakini kitalu hukijua tu kilichopandwa ndani yake. Kikijaa uvimbe wa wavuta sigara na wanywa pombe wa Ulaya, mtafuna popoo wa Likoni hatakuwa na mwakilishi humo. Kwa hiyo naunga mkono wagonjwa wetu washirikishwe.

Ugomvi wangu ni na neno. Wataalamu huita kitu hiki modeli, nasi twakimbilia kutafsiri "mfano". Mfano ni kitu kifananacho na kingine, wala si kile chenyewe. Mwambie mama wa Mtongwe kwamba nyama yake itatumiwa kutengeneza mfano. Atadhani patafinyangwa udongo. Hatajua kwamba nyama ile itaishi, yamkini kumpita yeye.

Afrika Mashariki ina historia katika jambo hili. Uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958 si saratani ya utando wa kinywa, bali ya seli nyeupe za damu. Hata hivyo njia ilikuwa hiyohiyo. Desemba 1963 kipande kilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, seli zake zikaota, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuona virusi ndani yake. Virusi hivyo vyaitwa Epstein-Barr. (Achong naye, kama ilivyo desturi ya majina, aliachwa nje.) Mtoto aliyekatwa nyama hiyo hana hata herufi moja.

Napendekeza "mche wa uvimbe". Ukikata kipande cha shina la muhogo na kumpa jirani, kila mtu ajua kwamba kitachipua, kwamba ni muhogo uleule, na kwamba aliyekitoa aweza kuuliza shamba liko wapi. Yamkini mtu wa tiba atanipinga, kwamba mche ni neno la matumaini na uvimbe ni wa mauti. Pingamizi hilo lina uzito, na walimu wa Kiswahili na wa biolojia wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta lililo bora zaidi. Lakini hata kabla halijapatikana, fomu ya ridhaa isomwayo kwa mgonjwa ingeweza kusema hivi: nyama hii itaendelea kuishi, itapandwa kwa panya, huenda ikavuka bahari, nawe waweza kukataa na bado ukatibiwa.