Uchachu na Shibe ya Madini: Kwa Nini Ndimu Hula Jino Kuliko Mashanza

Katika malisho ya milima ya Masisi, chakula kinachofahamika sana ni maziwa yaliyogandishwa, ambayo watu wa Kivu huyaita mashanza. Upande wa magharibi, katika nyanda za chini zenye misitu za Walikale, hustawi matunda ya nchi za joto, kama vile ndimu na nanasi. Ulimi huhukumu mashanza na ndimu kwa neno moja: vyote vichachu. Jino, hata hivyo, huvitenganisha. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya tofauti hiyo.

Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, hasa kalsiamu na fosfati. Kwa kawaida hufundishwa kwamba tabaka hilo huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5. Maziwa yaliyogandishwa hukaribia 4. Maji ya ndimu huwa kati ya 2 na 3. Lau uchachu ungekuwa hakimu wa pekee, vyote viwili vingeliyeyusha jino.

Ufumbuzi umo katika dhana ya shibe. Mtu akizidi kutia chumvi katika kikombe cha maji, hufika mahali ambapo chumvi haiyeyuki tena, bali hutuama chini: maji yameshiba. Ndivyo kilivyo kimiminiko kinachogusa jino. Tindikali huzibadili fosfati zilizomo humo, kimiminiko kikapungukiwa, nacho hujaza pengo kwa kuichukua enameli. Maziwa yaliyogandishwa yana kalsiamu na fosfati tele, hivyo hubaki yameshiba ijapokuwa ni machachu. Ndimu haina akiba hiyo. Kwa hiyo 5.5 si mpaka wa kudumu. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya shibe.

Mate nayo, yakiwa yameshiba madini hayo, huikaza tena enameli iliyolainika. Ndiyo maana haifai kupiga mswaki mara tu baada ya kula ndimu. Yafaa kusukutua kwa maji na kusubiri. Enameli iliyokwisha kukwanguka haioti tena, kwani chembehai zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza. Aidha, mashanza yakitiwa sukari hukumu hubadilika, kwa kuwa bakteria walioganda juu ya jino huigeuza sukari kuwa tindikali.

Hivyo basi, anayetaka kulinda meno hana budi kuuliza maswali mawili, si moja: chakula hiki ni kichachu kiasi gani, na kimeshiba madini kiasi gani?