Wino Uliokwisha kwa Hesabu

Printa ya wino si chombo cha anasa katika mji wa Mtwara bali ni chombo cha riziki, kwani ukipita maduka ya steshenari ya mjini, hata ukafika Mikindani, utaikuta imekalia meza pembeni mwa mashine ya kutolea kopi, ikichapa picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio ya shule za msingi, kadi za harusi na fomu za vyama vya msingi vya ushirika. Kazi zote hizo, halali na za lazima, hukatizwa mara kwa mara na tamko moja linalotokea kiooni, kwamba wino umekwisha na katriji ibadilishwe. Na mwenye duka asiyeridhika na tamko hilo, akiing'oa katriji na kuiweka juu ya mizani ndogo ya sonara, huiona ingali na uzito wa kutosha kuchapa karatasi nyingine kadha wa kadha.

Aliyetoa tamko hilo ni kipande cha kijani kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichogandishwa ubavuni mwa katriji, chenye vidoa vya rangi ya dhahabu vinavyogusana na meno ya mashine. Mafundi hukiita chipu. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo isiyopotea umeme unapozimwa, na printa huisoma kila inapowashwa na kuiandikia kila inapochapa. Kampuni ya Epson ilianza kubandika chipu hizo mwishoni mwa miaka ya 1990, na wengine wakafuata. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, wala halikuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha, ni kwamba chipu aghalabu haigusi wino hata kidogo. Haina jicho wala ulimi. Printa hujua kichwa chake kimerusha matone mangapi, nayo huyazidisha kwa ujazo uliokadiriwa kiwandani wa kila tone, ujazo unaopimwa kwa sehemu za trilioni za lita. Kisha huongeza wino uliotumika kujisafisha, hutoa jumla hiyo katika kiasi ambacho katriji ilidhaniwa kuwa nacho siku ilipotoka kiwandani, na hesabu ikifika sifuri hufunga kazi.

Wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala wanaijua vyema biashara iitwayo kangomba, ambayo serikali imeikataza, nayo ni ya mnunuzi wa kichochoroni anayekuja shambani na bakuli lake badala ya mizani, akaliita bakuli hilo kilo ilhali linameza zaidi ya kilo, na mkulima mwenye shida akakubali. Chipu ni kangomba ya wino, ila tofauti ni kuwa hapa bakuli limo mkononi mwa muuzaji.

Insafu yataka pia tuseme upande wa pili. Katika mashine za Epson kichwa cha kuchapia hukaa ndani ya mashine yenyewe na si katika katriji, hivyo katriji ikikauka kabisa hewa huingia katika vijitundu vyake, na kuitoa hewa hiyo ni taabu, pengine kuliko thamani ya mashine. Kuacha akiba ya wino chini ya katriji kuna hekima yake. Walakini akiba hiyo mnunuzi ameilipia, na uamuzi wa kiasi chake ameufanya mtu mwingine, ambaye faida yake imo katika katriji zaidi kuliko katika mashine. Maana ni siri iliyokwisha kutoka nje kwamba printa huuzwa kwa bei nyepesi ili wino uuzwe kwa bei nzito.

Kwa watu wa kusini bei hiyo ilikuwa na mzigo wake wa ziada. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa baada yake kabla lami haijaungana, mzigo uliotoka Kariakoo wakati wa mvua ulikuwa ukifika Mtwara kwa kudra. Na katriji halisi, ikiwapo, iliuzwa kama dawa adimu. Huo ndio mwanzo wa bomba la sindano kutoka duka la dawa kugeuka kuwa kifaa cha steshenari. Mwenye kujaza hakuwa mwizi wala mjanja wa mjini, bali alikuwa mtu mwenye mashine nzima, wateja mlangoni na katriji tupu.

Ujazaji wenyewe hutofautiana kwa nasaba ya mashine. Katriji nyingi ndogo za HP na Canon zimebeba kichwa cha kuchapia juu yake, na ndani zimejaa sponji. Fundi huibandua karatasi ya jina iliyo juu, huona vitundu, hujaribu rangi ya kila kitundu kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno ili asije akatia bluu kwenye nyumba ya manjano, halafu huingiza sindano na kusukuma polepole, kwa kuwa wino ukisukumwa kwa pupa huacha mapovu ya hewa ndani ya sponji. Kisha huikandamiza katriji juu ya karatasi laini, na ikiacha mistari mitatu safi ya rangi tatu, kazi imekubali. Kwa aina hizi aghalabu hakuna haja ya kuirudisha hesabu mwanzo. Mashine za HP za namna hiyo hulalamika tu kwamba wino ni haba, mtu hubonyeza kukubali na kuendelea. Na kwa Canon za namna hiyo, kitufe cha kusimamisha kazi kikishikiliwa kwa muda wa sekunde tano au zaidi, mashine huacha kuhesabu wino wa katriji ile, na tangu hapo dhamana ya kuangalia kiasi humwangukia mwenyewe.

Epson za katriji ndizo zilizozaa kile kidude cha kuriseti, yaani cha kuirudisha hesabu mwanzo. Ukikitazama kwa karibu ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye betri za saa ndani, taa moja ndogo, na katika ncha moja safu ya meno saba membamba yanayoruka kwa springi. Fundi huishika katriji kwa mkono wa kushoto, hukielekeza kidude hicho wima juu ya vidoa vya chipu, na kukandamiza bila kutikisika. Taa humetameta nyekundu. Akitikisika, meno huteleza na kazi huanza upya. Akituliza mkono kwa sekunde chache, taa hugeuka kijani, na chipu ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa ikiapa kwamba katriji ni tupu sasa hutangaza ya kuwa imejaa pomoni. Hapana kingine kilichotendeka isipokuwa tarakimu kufutwa na nyingine kuandikwa mahali pake. Katika mji wa pwani kama Mtwara, ambako upepo wa chumvi hutia kutu hata kitasa cha kabati, vidoa vile huweza kuingia ukungu mwembamba usioonekana, na taa ikakataa kugeuka. Raba ya penseli, ikipitishwa mara mbili tatu kwa upole, huviamsha.

Lipo sharti moja ambalo wajazaji wanafunzi hulivunja: kujaza hutangulia, kuriseti hufuata. Anayeigeuza hesabu kuwa kamili ilhali katriji ni tupu ameiondolea printa breki, kwani sasa itachapa mpaka hewa iingie kichwani. Katika mashine zinazochemsha wino ili kuurusha, kama zile za Canon na HP, hasara ni mbaya zaidi, kwa sababu vipasha joto vidogo vilivyo nyuma ya vijitundu hupozwa na wino uleule unaopita, na wino ukikosekana huungua. Mbinu hiyo ya joto iligunduliwa katika maabara ya Canon nchini Japani mwaka 1977, mtafiti alipogusa kwa bahati sindano ya bomba lenye wino kwa chuma cha kulehemu chenye moto, wino ukaruka. Na mwaka 1984 HP walitoa sokoni printa yao ya ThinkJet kwa njia iliyo jamii ya hiyo.

Uchaguzi wa wino nao ni elimu. Upo wino wa rangi iliyoyeyuka majini, unaong'aa katika picha lakini hutiririka karatasi ikilowa, na upo wa rangi ya chembechembe zinazogandamana na karatasi, usioogopa maji kiasi hicho lakini ambao ukitiwa katika mashine isiyoundwa kwa ajili yake huziba vijitundu. Mvuvi wa Msimbati anayeweka leseni yake mfukoni ndani ya ngalawa, au msafiri anayeshuka Kilambo na barua yake kwenda kuuvuka Ruvuma, hana habari ya kemia. Yeye huona tu kwamba maandishi ya duka moja yamebaki na ya duka jingine yamekuwa doa la zambarau. Fundi mwenye kuijua kazi yake humwuliza mteja karatasi itakwenda wapi kabla ya kuichapa.

Je, kuriseti ni haki? Swali hili limekwisha kufika mahakamani, na si mahakama ndogo. Kampuni ya Lexmark ya Marekani ilikuwa ikiuza katriji za tona kwa bei ya punguzo kwa sharti kwamba zitumike mara moja tu, na kuzitia chipu ya kulinda sharti hilo. Wajazaji wakazibadilisha chipu na kuziuza upya. Lexmark ikaishtaki Impression Products, kampuni ndogo ya Charleston, West Virginia, na tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mwenye hataza akishauza chombo chake, haki yake ya hataza juu ya chombo kile imekwisha. Wakati huohuo vita vilikuwa vimehamia mahali pengine. Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP zilianza kukataa katriji zenye chipu za wengine, kwa amri iliyokuwa imepandwa ndani ya programu yao. Na mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi waziwazi kuhusu mipaka ya namna hiyo.

Kwetu, rai yangu ni kwamba mpaka uko wazi. Anayejaza katriji yake, au ya mteja aliyemwomba, na kuirudisha hesabu yake, hajamdhulumu mtu. Anayeijaza, akairiseti, akaifunga ndani ya kasha lililofanana na la kiwanda na kuiuza kama mpya, huyo ametenda ghashi, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ina maneno ya kumwambia. Kidude ni kilekile na taa ya kijani ni ileile. Kinachotofautiana ni kile anachoambiwa mnunuzi.

Siku hizi katriji zenyewe zinaondoka katika meza za steshenari. Oktoba 2010 Epson walianza kuuza Indonesia, nchi ambayo wajazaji walikuwa wamekwisha kutoboa mashine zao na kuzifungia matangi ya nje, printa yenye matangi yake yenyewe, inayojazwa kwa chupa; chupa moja ya mililita 70 ni kama katriji ndogo kumi. Mashine za mwanzo za ukoo huo hazikuwa na chipu, lakini ziliacha mlango wa nyuma: kila chupa ilikuwa na namba ya tarakimu 13, ambayo mjazaji aliiandika katika kompyuta ili hesabu irudi mwanzo. Mashine hizo zimeenea pwani yote, na katika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa na makarani wa ushirika wanapohitaji karatasi kwa mafungu, ndizo zinazobeba mzigo.

Nazo zina hesabu yao iliyofichika. Kila printa inapowashwa au kujisafisha hufyonza wino na kuumwaga katika kitambaa kizito kilicho chini ya tumbo lake. Na umeme unapokatika kisha ukarudi, kama utokeavyo, kazi hiyo hufanyika tena na wino hupotea bila herufi moja kuchapwa. Mashine huhesabu pia wino huo wa taka, na kikomo kikifika, taa ya wino na taa ya karatasi humetameta kwa kupokezana na mashine hukataa kazi zote. Wapo wanaonunua kwa simu ufunguo wa programu inayoifuta hesabu hiyo, wakafurahi, wakasahau kitambaa; baada ya miezi wino huvuja mezani na kuyachafua mafaili ya wateja. Fundi mwangalifu hufungua parafujo za nyuma, hukitoa kitambaa, hukifua kwa maji mengi mbali na kisima mpaka maji yatoke meupe, hukianika juani hata kikauke kabisa, hukirudisha, na hapo ndipo huifuta hesabu. Katika mashine mpya zaidi kitambaa hicho kimewekwa ndani ya kisanduku kinachochomoleka kwa mkono, ambacho kina chipu yake. Na vidude vya kuiriseti chipu hiyo navyo vimekwisha kuingia sokoni.