Ukano wa Bega na Jinsi Unavyoshonwa

Mjomba wangu ni mwashi. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaani, na tangu siku ile hakuweza kuinua mkono wa kuume hata kuvaa shati. Tulidhani mfupa umevunjika. Kumbe sivyo, ukano wa bega ndio uliochanika. Nimeona vema niwaelezeni habari hii, maana hata sisi tunaotupa mkuki tuna mabega.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira juu ya kisahani. Hushikwa mahali pake na kano za misuli minne. Ukano ukichanika kabisa ni vigumu kujiunga wenyewe, kwa kuwa msuli huuvuta nyuma.

Zamani daktari alilazimika kupasua bega sana ili aufikie. Ndivyo alivyofanya Codman wa Boston, Marekani, mwaka 1909. Njia ya pili ilistawi Japani kwa magonjwa ya goti. Mwaka 1918 Kenji Takagi alitia darubini nyembamba ndani ya goti la maiti, na mwaka 1962 Masaki Watanabe alitumia chombo cha namna hiyo kumpasua mtu aliye hai.

Siku hizi bega nalo hutengenezwa hivyo. Mgonjwa akisha kulazwa usingizi, daktari hutoboa matundu machache madogo. Katika moja hupitisha darubini yenye kamera, unene wake kama milimita 4, na maji ya chumvi hutiwa ili aone vema katika kioo. Kwa matundu mengine hupitisha vyombo, akakaza mfupani nanga ndogo zenye nyuzi, akaufunga ukano kwazo.

Lakini si kila ukano uliochanika hupasuliwa. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa mazoezi tu.

Mjomba alipasuliwa. Juma la tatu, alipoona vidonda vimefumba, alishika mwiko wake aende kazini. Bibi akamnyang'anya. Daktari naye akamwonya kwamba ngozi hupona upesi, bali ukano hutaka miezi mingi ushikamane na mfupa. Akifanya haraka utachanika tena. Basi mkono ulifungwa shingoni majuma sita, yakafuata mazoezi. Mwezi wa saba ndipo alipoinua tofali tena.

Ndugu zangu, tusipime ugonjwa kwa udogo wa kovu.