Nyumba ya Bure Mtandaoni

Wiki hii twaitazama Blogger, huduma ya kuandika mtandaoni iliyoanzishwa na Pyra Labs mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Bila malipo, familia hupata anwani na kurasa za kuhifadhia tungo za babu na mapishi ya bibi, na huweza kuzifungia jamaa walioalikwa pekee. Hata hivyo, humo sisi ni wapangaji. GeoCities, makao ya mamilioni ya kurasa, ilifungwa na Yahoo nchini Marekani mwaka 2009. Basi tupakue nakala ya maandishi kutoka kwenye mipangilio, na picha tuzihifadhi kando. Mali bila daftari hupotea bila habari.